Josiane hakati wavu

Saa kumi kasorobo alasiri, upepo wa Ziwa Turkana umelala. Boti nyeupe ya fiber inapita taratibu kando ya mikoma iliyozama karibu na ufuo wa Eliye. Miti hiyo ilikuwa nchi kavu miaka michache iliyopita. Sasa vichwa vyake tu viko nje, na ndege wamejaa juu yake.

Abiria saba wameshika simu. Wanapiga picha.

Ghafla injini inabadilisha sauti. Inanguruma kama mtu anayekabwa koo. Kabla abiria hawajageuka, mwanamke aliyeshika usukani nyuma ameshaizima.

"Imekufa?" anauliza mama mmoja aliyevaa kofia pana.

"Haijakufa, mama. Miye ndiye nimeizima," anajibu Josiane Mukendi. "Ingejizima yenyewe, hapo njo tungelia."

Hakimbilii injini. Kwanza anatupa nanga, anaivuta kamba mpaka ikaze, anaifunga. "Injini haiendi popote," anaeleza. "Boti ndiyo inayoondoka wakati wewe unashangaa injini."

Kisha anachomoa uzi mwekundu wa kuzimia mashine na kuutia mfukoni. Uzi huo ukiwa kwake, hakuna mtu wa kumwashia injini huku mkono wake uko kwenye propela. Alimjua mwanamume mmoja wa kwao Baraka, Kongo, aliyebaki na vidole sita kwa sababu ya shemeji mwenye haraka.

"Watu wote mbele! Kaeni pamoja, karibu kama familia. Mwalimu, wewe baki hapa na kasia. Angalia maji. Ukiona gogo lenye macho, piga maji."

Mwalimu ni Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mwaka wa sita sasa akifundisha shule ya msingi mjini Lodwar. Mwenye kofia pana ni mkewe, Sylvia, aliyefika Turkana kwa mara ya kwanza siku nne zilizopita.

"Gogo lenye macho ni nini?" Sylvia anauliza.

"Mamba, mke wangu," anasema Wekesa. "Miaka sita nakwambia kwa simu Turkana hakuna maji. Leo nimekuletea maji yote, na wenyewe ndani."

Uzito wa watu ukienda mbele, nyuma ya boti inainuka. Josiane anauinua mguu wa injini hadi propela inatoka majini. Imeviringwa nyuzi za kijani, zimejaa kama nywele kwenye kichana. Ni wavu wa samaki.

Wekesa ana kisu kidogo kwenye funguo zake. "Si ukate tu, twende?"

"Kisu hata miye niko nacho, mwalimu. Lakini hii si takataka. Ni chakula ya mtu."

"Unamjua mwenyewe?"

Josiane anavuta kipande cha kandambili nyekundu kilichofungwa kwenye kamba ya wavu. Anakitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake unabadilika.

Anamjua. Wavu ni wa Mama Nabei, katibu wa kamati ya ufuo. Leo ni Jumamosi. Jumatatu kamati hiyo itaketi kuamua kama itamwandikia Josiane barua. Bila barua, mwisho wa mwezi atarudi kambini Kakuma, na pengine hatatoka tena.

*

Josiane ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Baba yake, Mukendi, hakuwa mtu wa maji. Alitoka Kasai akiwa fundi wa pikipiki, akampenda Caritas, binti wa wauza samaki, akabaki kutengeneza injini za boti.

"Papa hakujua kuogelea," Josiane anasema akicheka. "Lakini helisi alikuwa anaijua. Alinifundisha kusikia. Alisemaka, 'Mashine itakwambia inaumwa wapi, wewe ukikaa kimya tu.'"

Helisi ndiyo propela kwa Kiswahili cha kwao. Miaka yote hii Kenya, neno hilo halijamtoka.

Vita vilipofika Baraka mwaka 2014, familia ilivuka ziwa kwenye boti ya watu ishirini na watatu. Katikati ya maji injini ikawa inalia bila boti kusogea. Pini ya propela ilikuwa imekatika. Mukendi alichomoa msumari kwenye ubao waliokalia, akaukata, akaupachika mahali pa pini. Josiane ndiye aliyemshikilia mshipi wa suruali asianguke.

Walifika. Siku ya pili Mukendi akawasha injini akarudi kuwachukua majirani. Hakuonekana tena.

Mama na binti walizungushwa Tanzania, wakapita Nairobi, wakafika Kakuma mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakahamishiwa Kalobeyei, makazi mapya ya wakimbizi karibu na hapo. Josiane akawa fundi wa jenereta na pampu za maji.

"Miaka sita sikuona maji makubwa kuliko ya jerikani," anasema.

Aliyemrudisha ziwani ni Opondo, mfanyabiashara aliyetoka Homa Bay na kufungua duka la misumari, mabati na rangi mjini Lodwar. Alinunua boti ya kutembeza wageni, ikamshinda. Madereva wawili walimvunjia propela tatu kwenye mikoma iliyozama. Kila propela ilimgharimu shilingi elfu kumi na tisa na kuchukua siku nne kufika kutoka Kisumu.

"Nikaambiwa Kakuma kuna mama wa Kongo anafunga jenereta gizani kwa kupapasa," anasimulia Opondo. "Nikasema huyo ndiye. Tangu nyar Kongo aje, nimenunua propela moja tu." Nyar Kongo, kwa lugha ya kwao, ni binti wa Kongo.

Hiyo propela moja ina hadithi.

Kule Tanganyika wavuvi hutega usiku, kwa taa. Mchana nyavu ziko mchangani zinakauka. Kwa Josiane, ziwa la mchana ni barabara tupu. Wiki yake ya kwanza Eliye aliona vipande vya kandambili vikielea, vyekundu kwa vya bluu, vimepangana. Akasikitika.

"Nikasema, watu wa huku wanatupa viatu ndani ya maji, mbaya sana. Nikapita juu."

Kandambili hizo ndizo maboya ya nyavu. Kila familia ina rangi yake. Josiane alipasua nyavu mbili asubuhi moja, akang'oa meno ya propela kwenye jiwe la kutegea. Nyavu zote mbili zilikuwa za Nabei, mjane anayelisha watu tisa.

Nabei bado anaikumbuka siku hiyo. "Yeye alipita juu ya net yangu kama ngamia kipofu. Halafu anasema pole. Pole ni samaki gani?"

Opondo alitoa pochi. Nabei akaikataa. "Pesa yako nitaenda kutega kwa maji? Yeye akuje akae hapa chini, ashone."

Josiane alishona siku tisa, ameketi mchangani mbele ya nyumba ya Nabei.

"Siku ya kwanza alinipa sindano, akanigeuzia mgongo," anasema. "Siku ya tatu akaweka kikombe cha chai karibu yangu. Siku ya tisa akaniuliza, 'Baba yako iko wapi?' Nikamwambia. Baadaye akasema, 'Yangu pia ilichukuliwa na maji.' Bwana yake. Tukamaliza kushona."

Tangu siku hiyo Josiane hakati wavu. Ukinasa, anaufungua.

*

Sasa tuzungumze kuhusu karatasi.

Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Cha Josiane huwa cha siku thelathini, mara chache sitini. Kikikaribia kuisha anapanda gari kutoka Lodwar, kilomita mia moja na ishirini hadi Kakuma, anakaa kwenye benchi, anaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Rudi kesho. Kesho mtandao hauna nguvu. Mwaka jana alikaa kwenye benchi hilo siku thelathini na moja. Ameziandika nyuma ya daftari lake la injini, karibu na tarehe za kubadilisha oili.

Turkana inazijua karatasi hizi. Mkoloni aliifunga wilaya hii yote. Kuingia ni karatasi, kutoka ni karatasi. Mji wa Lokitaung, kaskazini, akaufanya mahali pa kuwatupia watu aliowaogopa. Mwaka 1963 bendera ikabadilishwa. Karatasi haikubadilishwa, ilibadilishwa jina la anayeibeba.

Mwaka 2021 nchi ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi. Ndani yake imeandikwa kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi. Maneno mazuri kabisa. Kwenye benchi lile kuna watu wanaoyajua kwa moyo.

Kwenye daftari la safari pale ufuoni, safu ya nahodha ina jina la Opondo, ambaye saa hiyo anapima misumari Lodwar. Josiane ameandikwa msaidizi. Ameendesha safari zaidi ya mia tatu akiwa msaidizi wa mtu asiyekuwemo botini. Kwa kila safari analipwa shilingi mia nane, na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba anajua kazi.

Mwezi huu aliambiwa kibali chake hakitaongezwa tena. Njia moja tu ilibaki: aombe kibali cha kazi kwa jina lake. Kwa hilo alitakiwa kuwa na barua ya kamati ya ufuo inayosema kwamba ana ujuzi na kwamba hajamnyang'anya mwenyeji kazi.

Hapo pana kidonda kingine. Watu wa ufuo huu wameahidiwa gati na kila mgombea aliyewahi kufika na lori la fulana. Ziwa limepanda, limemeza nyumba, vyoo na malisho, na gati halijaonekana. Vijana wao wameketi. Watu walionyimwa kila kitu huelekezwa wagombane na aliyenyimwa zaidi, na mwenye kunyima hukaa kivulini akiangalia.

Kwa hiyo barua haikuwa jambo la hakika hata kabla ya Jumamosi. Na sasa wavu wa katibu uko kwenye propela.

*

Botini, Josiane anavua kitenge alichojifunga kiunoni. Anakifunga chini ya mguu wa injini, pembe mbili huku, mbili kule, kikaning'inia kama mbeleko.

"Hiyo ni ya nini?" Sylvia ameanza kusogea nyuma kidogo kidogo.

"Nati ikianguka, ianguke kwa mgongo wa mama. Ikifika kwa maji, tunalala hapa."

Anainyoosha pini kwa koleo, anaitoa. Anafungua nati. Inateleza kwenye vidole vyake vyenye oili, inaanguka, na abiria wote mbele wanashusha pumzi kwa pamoja. Iko kwenye kitenge.

"Mmeona?" anasema Josiane.

Propela haitoki. Nyuzi zimeingia nyuma yake, kwenye shafti. Huko ndiko kwenye hatari: uzi ukiachwa pale hukata mpira mwembamba unaozuia oili, maji yakaingia kwenye gia, na injini ikafa polepole baada ya wiki mbili bila mtu kujua iliuawa na nini. Anaizungusha propela kwa mkono, kinyume cha ilivyokuwa ikienda. Robo mzunguko. Anavuta uzi. Robo nyingine.

"Itachukua muda gani?" anauliza Wekesa.

"Saa moja. Labda zaidi."

"Na upepo?"

"Upepo unarudi jua likizama. Tutakuwa tumefika."

"Na kama hatujafika?"

"Basi tutakuwa tumelowa, mwalimu."

Sylvia ameshafika nyuma. Kofia ameiacha mbele. Anautazama wavu uliosokotana, kichwa upande.

"Hii mbona ni kama kufumua rasta?" anasema. Sylvia ni msusi; ana kibanda chake sokoni Bungoma. "Hebu nipe hiyo nyingine. Hapana, usivute! Ukivuta unakaza. Unaanzia kwenye ncha."

"Mama, mikono isiguse maji."

"Haigusi."

Wanawake wawili wako bega kwa bega, wamelala kifudifudi juu ya ubao wa nyuma, kila mmoja amefungwa kamba kiunoni. Josiane anazungusha, Sylvia anafumua. Vidole vya msusi vinapenya kwenye nyuzi, vinatafuta ncha, vinaipata, vinaitoa.

Mara Wekesa anapiga maji kwa kasia kwa nguvu zote. Watu wanapiga mayowe.

Josiane anainua kichwa. "Hilo ni gogo la kweli, mwalimu."

"Sikutaka kubahatisha."

"Asante. Endelea hivyo hivyo."

"Mke wangu nimemleta kupumzika," Wekesa anawaambia waliokaa mbele. "Sasa anasuka injini. Nikisema hii shuleni nani ataamini?"

Imechukua dakika themanini. Mahali ambapo nyuzi ziliyeyuka kwa joto la shafti zikagandamana, Josiane analazimika kukata. Anakata jicho moja moja la wavu, akihesabu kwa sauti. Kumi na moja.

Ndani ya wavu mna samaki watatu aina ya ngege. Mmoja bado anafungua mdomo.

"Hao si ndio fidia yetu?" anauliza Wekesa.

"Kanuni ya huku, wavu unarudishwa na samaki yake. Hata kama amekufa."

Anasafisha shafti, anapaka grisi, anarudisha propela na nati, kisha pini mpya kutoka kwenye kopo la maziwa. Injini inaitika kwa mvuto wa pili. Sylvia anapiga makofi, mikono yake yote myeusi kwa oili.

Wakiwa njiani simu inapata mtandao na Opondo anapiga. Anaelezwa.

"Sikiliza, nyar Kongo. Jiwe la wavu lilikatika, si ndiyo? Wavu ukaelea wenyewe ukaingia njiani. Sema hivyo. Ni kweli hata."

"Ni kweli nusu, patron."

"Nusu inatosha! Jumatatu ndiyo hii!"

Nusu nyingine ni kwamba Josiane alitoka kwenye njia yake. Sylvia aliomba picha ya ndege kwa karibu, na Josiane akapinda kuelekea mikoma. Angebaki mahali anapopita siku zote, asingeufikia wavu.

Anaikata simu.

Mama Nabei ameshasimama ufuoni wanapofika. Habari ziwani hutangulia boti. Ni mwanamke mrefu, shanga zimepanda hadi kidevuni, na fimbo yake si ya kuegemea.

"Ejok," anasalimu Josiane.

Nabei haitiki salamu. "Jumatatu unataka sahihi yangu. Jumamosi unakula net yangu."

"Wavu huu hapa, mama. Na samaki yako. Jiwe lilikatika, lakini miye pia nilikosa. Nilipinda kwa sababu ya picha ya mgeni."

"Ni mimi niliomba, mama," anadakia Sylvia.

"Wewe ulikuwa unaendesha?" Nabei anamuuliza Sylvia.

"Hapana."

"Basi nyamaza, mtoto wangu."

"Macho kumi na moja nimekata," anasema Josiane. "Nitashona kesho."

Nabei anaketi mchangani na kuutandaza wavu mapajani. Anapitisha vidole, jicho kwa jicho, toka mwanzo hadi mwisho. Abiria wamesimama na viatu mikononi. Hakuna anayeondoka.

"Kumi na mbili," anasema hatimaye. "Hii moja umesahau."

Anachukua ngege wake watatu, anaondoka.

*

Jumapili Josiane alishona. Nabei hakutoka nje. Chai haikuja.

Jumatatu saa nne kamati ya watu tisa iliketi katika ghala la samaki. Josiane aliambiwa asimame karibu na mlango. Opondo alikuwa amefunga duka, akaja, akakaa nyuma akijipepea kwa kitabu cha risiti.

Mjumbe mmoja alianza kwa sauti kubwa. "Vijana yetu iko hapa, haina kazi. Kwa nini Mkongo? Sisi tumekuwa kambi?"

Wengine wakaguna kwa kukubali. Mwingine akauliza kama ni kweli kwamba juzi tu ameharibu wavu wa katibu. Mwenyekiti akamgeukia Nabei.

Nabei alisimama. Hakuharakisha.

"Mwaka hii boti ya watalii imepita hapa, yetu na ya watu wa mbali. Net zimekatwa saba. Mimi najua, kwa sababu wenyewe wanalilia kwangu. Sita, wenye boti walisema ni kiboko. Ni mamba. Ni Mungu." Watu wakaanza kucheka. "Moja ndiyo ilirudi. Ilirudi na samaki. Na mwenye kukosa alisema mimi nimekosa. Nani hapa ameshaona kitu kama hiyo kwa serikali?"

Kicheko kikajaa ghalani. Mjumbe aliyeanza alicheka pia, akiwa hataki.

"Lakini huyu ameuliza swali ya kweli," Nabei akaendelea, akimwelekeza kidole. "Watoto yetu itakula nini? Mimi nasema hivi. Barua iandikwe. Na ndani ya barua iandikwe: Josiane atafundisha wasichana wawili wa ufuo hii. Kuendesha, na kufungua, na kushona. Kama hataki, arudi Kakuma leo na gari ya jioni."

Mwenyekiti akamtazama Josiane. "Unataka?"

"Wawili?" Josiane alisema. "Wawili ni kidogo, mzee. Nipe wanne."

Nabei aliweka sahihi ya kwanza. Alipompitia mlangoni alisimama, akamkung'uta mchanga begani kama mtu anayemkung'uta mtoto kabla ya kumpeleka kanisani, akaenda zake.

*

Jumatano Josiane aliifikisha barua Kakuma. Karani aliisoma, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akasema majibu ni ndani ya siku tisini. Kwa kuwa ombi limefika, kwa sasa apewe kibali kingine cha siku thelathini. Wavu mzima ulifunguliwa kwa dakika themanini, na mamba pembeni. Karatasi moja inahitaji siku tisini, chini ya feni.

Jioni yuko Kalobeyei, nyumbani kwa mama yake. Caritas ana miaka sitini na mitatu. Anapika sombe, majani ya muhogo aliyoyapata kwa Warundi wa kijiji cha tatu. Ni mwanamke wa maneno machache. Tangu Tanganyika hajakaribia maji yoyote makubwa. Hata mto Tarach ukijaa wakati wa mvua, hafiki ukingoni.

"Wamekupa?" anamuuliza binti yake.

"Wamepokea, mama."

"Kupokea si kupa."

"Njo hivyo."

Caritas anakoroga. "Papa yako pia alisema atarudi kesho."

Moto unalia. Josiane anamsogelea, anamshika mkono wenye mwiko, wanakoroga pamoja kidogo.

"Miye sisemi kesho, mama. Nasema Jumatatu saa mbili asubuhi. Niko na wanafunzi wanne."

Kisha anamweleza mpango wake. Kabla wasichana hao hawajagusa injini, watafunga mitungi ya plastiki juu ya vichwa vya mikoma iliyozama, safu mbili, kutoka ufuoni hadi maji ya wazi. Katikati ni njia ya boti. Nje ya mitungi ni mahali pa nyavu. Kamati imekubali. Hakuna aliyewahi kuuchora mpaka huo, si ofisi, si mgombea. Kwa hesabu yake inahitajika mitungi ishirini na miwili.

"Wakinikatalia, nitarudi hapa tufunge jenereta," anasema. "Lakini njia itabaki imeonyeshwa. Na kutakuwa na wasichana wanne wanaojua kufungua helisi bila kukata. Hao hawahitaji kibali. Ziwa ni lao."

Caritas anaepua sufuria. Anapakua sombe, anafunika, anaingia ndani. Anasikika akihamisha vitu.

Anatoka na mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, ya njano, ya lita ishirini. Mmoja una ufa kwenye pembe.

"Hii inavuja kidogo," anasema.

"Nitaziba, mama."

"Ziba vizuri. Kama papa yako."

Anaiweka karibu na begi la binti yake, mahali ambapo hawezi kuisahau asubuhi. Josiane anaitazama, anapangusa macho kwa kiwiko kwa sababu ya moshi, anahesabu kwa vidole.

"Bado ishirini," anasema.